Vocha ya karo: je, italeta usawa?

SWALI: Mhariri, naambiwa kila mzazi akipewa vocha, yaani hati ya serikali ya kulipia karo, achague shule, ushindani utaziinua zote. Ni kweli?
Mzazi, Kawangware

JIBU: Wazo hilo mwanauchumi Mmarekani Milton Friedman alilitoa mwaka 1955, na Chile ikalijaribu kuanzia 1981. Kasoro ni kwamba shule nyingi ziliwachuja watoto na kudai nyongeza ya karo, maskini wakaachwa nyuma. Sheria ya 2015 ndiyo iliyoanza kufuta mchujo na nyongeza.

Kwetu Kenya, mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Ugawe kwa siku 190, tuseme: shilingi saba na ushei, hata nauli ya matatu haifiki! Basi dai kwanza masharti haya: hakuna mtihani wa kuingilia, hakuna nyongeza, na nafasi zikipungua kura ya bahati nasibu ipigwe hadharani.