Kabla ya Kuuliza Bei ya Geti: Uzio wa Nyumba Mjini Tanga

Ukipita Sahare au Raskazone utaziona kuta ambazo kwa mbali zimependeza kabisa: rangi imekolea, kila nguzo na taa yake. Sogea karibu uangalie kona za nguzo. Kuna ufa uliosimama wima kutoka chini hadi usawa wa kifua, na pembeni yake michirizi ya rangi ya chai. Hiyo ni nondo imeshika kutu ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo nondo ikianza kuliwa huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Hata ukipiga plasta mpya, itapasuka tena palepale.

Watu husingizia upepo wa bahari. Upepo nao una lake, lakini kwa niliyoyaona nikijenga uzio wangu, chumvi nyingi inayolisha kutu huingia kiwanjani kwa lori.

Huku mchanga wa ufukweni uko jirani, na dereva hatakwambia ameuchota wapi. Fundi wangu, mzee wa watu asiyependa maneno mengi, kila lori lilipofika alipanda juu, akachota mchanga kidogo, akautia ulimini, akatema. Kisha akautandaza kiganjani kutafuta vipande vya simbi. Kuna lori alilikataa kabla halijainua bodi. Dereva akaja juu: "Mzee, mchanga si mchanga tu?" Mzee akamjibu, "Basi kajengee kwako, mwanangu." Na wewe onja kabla haujamwagwa, maana ukishamwagwa ni wako, hakuna wa kukuzolea.

Maji nayo ni hivyohivyo. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na vijana wa kuchanganya zege huyapenda kwa sababu yapo hapohapo na hayana bili. Kwa kudekia sakafu sawa, lakini kwa zege lenye nondo, hapana. Nunua maji ya bomba ujaze simtanki. Hayohayo ndiyo ya kumwagilia nguzo baada ya kumwaga zege, angalau siku 7. Zege lililokauka haraka kwa jua la huku hubaki na vinjianjia ambavyo chumvi hupita bila hodi.

Sasa nondo, na hapa usikubali kubembelezwa. Nondo isiguse ubao wa kufungia zege. Iache ndani angalau inchi 2 kila upande, na ishikiliwe kwa vibiskuti vya zege ili isisogee zege linapomwagwa. Kipande cha mti au jiwe lililookotwa hakifai. Ndiyo maana nguzo ya inchi 6 kwa 6, ambayo mafundi wengi huipenda kwa kubana matumizi, pwani haitoshi. Toa inchi 2 huku na 2 kule, umebakiwa na inchi 2 za kupitisha kitita kizima cha nondo na ringi za chuma zinazokifunga. Haiwezekani, kwa hiyo zitasogezwa nje tu. Mimi nilishikilia inchi 9 kwa 9. Saruji iliongezeka, nikapunguza kwenye urembo.

Kuna na ile tabia ya kuacha nondo zimechomoza juu ya nguzo, eti mwakani nitaongeza kozi mbili, yaani mistari miwili ya matofali. Mwakani haiji, na kutu inateremka taratibu hadi ndani ya nguzo. Kata, au zifunike kwa zege jepesi utakalolibomoa ukipata pesa.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka, ila yanatangulia kabla hujachimba hata futi moja. Mwite mpima ardhi aonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, jirani na mjumbe wawepo, kisha fuata kibali cha ujenzi halmashauri. Kiwanja kikielekea bahari, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: ndani ya mita 60 kutoka ufukweni hakufanywi shughuli ya kudumu. Na kama kuna njia ya wavuvi inayokatiza, usiizibe kimyakimya. Utazibua mwenyewe.

Kwa hesabu ya matofali, ukuta wa mita 50 wenye kimo cha mita 2 hula kati ya 900 na 1,000 ya inchi 6, bila msingi. Lakini sidhani kila mtu anahitaji ukuta mzima wa kimo hicho. Nyumba ya pwani inaishi kwa upepo, na ukiuzibia kusi utalala na feni mwaka mzima. Mimi nilipandisha kozi 5, kama mita 1.2, juu yake nikaweka matofali ya matundu. Upepo unapita, na aliye barabarani haoni nimekaa na nini barazani. Chini kabisa, usawa wa ardhi, weka vipande vya bomba kila baada ya mita chache vipitishe maji ya masika. Ukuta usio na pa kutolea maji hugeuka bwawa, na maji yaliyosimama huondoka na udongo wa msingi.

Geti ndiyo kila mtu huliuliza kwanza. Chagua bomba lenye zinki, lakini usimamie kuchomelea, maana moto huunguza zinki palepale kwenye kiungo, na kutu huanzia hapo. Kila kiungo kisuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya zinki siku hiyohiyo, kabla umande wa usiku haujakikuta. Toboa vitundu chini ya mabomba ili maji yaliyoingia yatoke. Bawaba ziwe na grisi muda wote. Senyenge ya bei chee juu ya ukuta sikushauri. Itadondosha kutu kwenye rangi kabla hujamaliza deni la hardware.

Hela ikikata, mbele jenga ukuta, pembeni na nyuma panda michongoma kando ya waya uliofungwa kwenye nguzo. Nguzo za mivinje zinafaa, ukizipaka oili chafu sehemu inayoingia ardhini. Atakayekuletea boriti za mikoko mwambie akuonyeshe kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwanza, maana mikoko ni hifadhi. Panda michongoma masika yanapoanza, mistari miwili iliyopishana, na uikate mara kwa mara tangu ikiwa magotini ili ifunge chini. Ukiiacha ijiendee itapanda juu, chini ibaki wazi kwa mbuzi wa mtaa mzima, na miiba ikiingia kwa jirani mtakutana kwa mjumbe.