Cheti cha "kutokuwa gaidi" hakitolewi popote

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Sakina, Arusha. Mwezi Machi nilinyimwa viza ya Marekani, nilikuwa nimealikwa na wageni niliowapandisha mlima. Wakala mmoja hapa mjini akaangalia "kwenye sistimu", akaniambia jina langu limegongana na la gaidi mmoja wa Pwani na jalada liko kitengo cha ugaidi cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Amenitumia kwa WhatsApp barua yenye nembo yao. Anataka dola 450 anitolee cheti cha kutokuwa gaidi. Nimeshatanguliza laki nne, na pasipoti yangu anayo. Naomba unieleze hicho kitengo kimepangwaje, na nani hasa nimwandikie ili jina lifutwe.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Barua kama hiyo sioni mara ya kwanza hapa Moshi. Nembo ni ileile, makosa ya herufi yaleyale, bei tu ndiyo inapanda kila mwaka.

Kwanza tafuta ile karatasi uliyopewa dirishani siku uliyokataliwa. Mara nyingi utakuta imetajwa 214(b). Hicho ni kifungu cha sheria yao ya uhamiaji, na maana yake ni kwamba ofisa hakuridhika kuwa utarudi nyumbani. Hakihusiani na ugaidi hata kidogo. Anayekataliwa kwa ugaidi hukataliwa kwa kifungu kingine kabisa. Wakala wako hakukuuliza karatasi hiyo, sivyo? Hawaiulizi kamwe, kwa sababu ukiisoma vizuri biashara imekwisha.

Sasa hicho kitengo. Watu wetu wanaifikiria FBI kama ofisi ya mtendaji wa kijiji: kuna bwana mmoja ana kitabu, ukipata mtu anayemfahamu, jina linapigwa mstari na mambo yanaisha. Kosa hili ndilo linalonichosha kuliko yote, na nililikuta hata kwa vijana niliokuwa nawafundisha upelelezi, watu wazima wenye vyeo mabegani.

Makao makuu, Washington, kuna divisheni ya kupambana na ugaidi. Hiyo inasimamia, inagawa fedha na inaunganisha taarifa. Majalada yenyewe hufunguliwa na kuendeshwa na ofisi za mikoani, ambazo ni zaidi ya 50. Kila moja ina kikosi kazi cha pamoja ambacho ndani yake wamo askari wa FBI, polisi wa mji, watu wa forodha, uhamiaji na idara nyingine, wote chumba kimoja. Cha kwanza kiliundwa New York mwaka 1980. Baada ya Septemba 2001 viliongezwa sana, kwa sababu ilionekana wazi kuwa taarifa zilikuwapo lakini kila idara ilikalia zake. Mwaka 2005 divisheni hiyo ikawekwa chini ya tawi moja la usalama wa taifa pamoja na watu wa kupambana na ujasusi.

Ndiyo maana lile bomu la ubalozi Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 11 wakati jingine likiua zaidi ya 200 Nairobi siku hiyohiyo, liliishia mahakama ya New York. Ofisi ya New York ilikuwa tayari inamfuatilia Osama bin Laden na watu wake, kwa hiyo jalada likaenda kwa waliokuwa na mwanzo wa uzi. Walikuja mamia ya wapelelezi, lakini hawakuja kama wenye nchi. Walifanya kazi na Jeshi letu la Polisi, na kila kipande cha chuma kilichookotwa kilihitaji maelezo ya nani alikiokota, nani alikihifadhi, nani alikisafirisha. Mlolongo huo ukikatika, wakili wa utetezi anakula kesi mchana kweupe.

Mpaka leo utaratibu ni huo. Nje ya Marekani FBI huwa na waambata wa sheria ndani ya balozi zao. Mwambata hana mamlaka ya kukamata mtu Kijenge wala Majengo. Akihitaji kitu hapa, anawaomba wenzake wa Polisi, na kwetu mashtaka ya ugaidi yanafuata Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, hayaendi mahakamani bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Mtu anayekwambia "FBI wa hapa Arusha" ni mshikaji wake, mwambie akuonyeshe mlango wa ofisi hiyo.

Na orodha? Orodha ya majina ipo kweli. Inatunzwa na kituo cha uchujaji kilichoundwa mwaka 2003, ambacho FBI inakiendesha lakini kinapokea majina kutoka idara nyingi. Upande wa magaidi wa kimataifa, majina hupitia kwanza kituo kingine cha kitaifa cha uchambuzi, ambacho si polisi na hakikamati mtu. Anayekuzuia mpakani ni idara ya tatu. Anayekupa au kukunyima viza ni ofisa wa ubalozi, idara ya nne. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye funguo zote, na iliwekwa hivyo kwa makusudi. Serikali yao pia haimthibitishii mtu wa nje kama yumo au hayumo. Kwa hiyo wakala aliyeliona jina lako "kwenye sistimu" ama ni mwongo, ama amevunja siri ambayo hata balozi hawezi kukutajia akiwa kwenye chai.

Majina kufanana hutokea, sikatai. Jina lako ni la kawaida kutoka Tanga hadi Pemba. Aliyesumbuliwa safarini kwa sababu hiyo ana fomu ya malalamiko ya wizara yao ya usalama wa ndani, anajaza mwenyewe mtandaoni, bure. Wakijibu wanampa namba ya kuweka kwenye tiketi ili asichanganywe tena. Lakini hiyo ni ya msafiri aliyekwama, haigeuzi uamuzi wa viza.

Kuna hati moja ya kweli ambayo vishoka wameiba sura yake. FBI hutoa taarifa ya historia ya makosa kwa mwenye alama za vidole, dola 18. Anaihitaji mtu aliyewahi kuishi kule na sasa ameombwa hati hiyo kazini au kwenye uhamiaji. Inatolewa na divisheni ya kumbukumbu za jinai iliyoko West Virginia, na inasema tu kama vidole hivyo vimewahi kukamatwa kwa kosa. Wewe hujawahi kukanyaga kule, itakusaidia nini? Kitengo cha ugaidi chenyewe hakina dirisha la malipo. Hakiuzi cheti kwa dola 450, hakiuzi kwa shilingi mia.

Laki nne zinauma, ila mimi kinachoninyima usingizi ni hiyo pasipoti. Na sisemi na wewe peke yako, nasema na wote mnaowaachia watu wa steshenari kopi za NIDA, picha ndogo na vidole "kwa ajili ya fomu". Ugaidi unahitaji fedha zipite mahali na simu zisajiliwe kwa jina la mtu. Mara nyingi gaidi hatumii jina lake. Anatafuta la dereva, la mpagazi, la mwongoza watalii asiye na doa, ambaye kopi zake zinazagaa kwenye flashi ya kishoka. Siku laini hiyo ikikutwa kwenye mkasa, mpelelezi hatamgonga kishoka usiku, atakugonga wewe, na itabidi ueleze. Nimeshakaa upande ule wa meza. Kijana analia kwamba laini si yake, na karatasi inasema ni yake.

Ndiyo maana nawakasirikia hawa wenye koneksheni kuliko matapeli wa kutuma "ile hela tuma kwenye namba hii". Yule anachukua fedha anaondoka. Huyu anauza uoga wa kuitwa gaidi, halafu anakusanya vitu vyote vinavyoweza kukuingiza kwenye jalada la kweli.

Usimwandikie mtu yeyote Washington. Piga *106# uhakiki laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ipeleke kwa mtandao husika ifungwe. Barua ya WhatsApp usiifute, wala mazungumzo yenu na risiti ya muamala. Kughushi nyaraka ni kosa la jinai kwetu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa pia. Fungua jalada kituoni, uondoke na namba ya RB mkononi. Pasipoti kaidai kwake leo hii, uende na shahidi, na usimlipe hata senti ya "kuitoa". Akikataa, rudi kwa yule askari aliyekuandikia RB umwambie hivyo hivyo: fulani ameshikilia pasipoti ya serikali isiyo yake.