Yaya anajibu: Namba nisiyoijua, nipokee ao niiache?

*Yaya, jambo. Miye niko natengeneza keki za ndoa na za anivesere hapa Kampemba, na juu ya kutafuta kiliya niliandika numero yangu ku ukuta, ku makarto ya keki na ku status ya WhatsApp. Sasa banaipata bote, hata benye hawakulaka keki. Asubui sauti ya mashini inasema bonyeza moja ushinde moto, midi mutu anasema ye ni wa mtandao, eti SIM yangu itafungwa leo leo kama simupe kode, magaribi numero ya inchi sijui inalia mara moja inakata. Kuko na mwingine alituma sms eti dola 40 imeingia, palepale akapiga analia eti alikosea numero, nimurudishie. Miye mikono iko mu farini, nanawa, nakimbia, kumbe ni bo. Bwana yangu anasema nifunge numero zote zenye haziko mu repertuare. Nifanye je?*
*Mama wa Keki, Lubumbashi*

Mama, bwana yako anakutakia mema lakini si yeye anayeuzisha keki. Mtu anayekuagiza keki ya ndoa kwa mara ya kwanza ni namba usiyoijua tu, hakuna siku atakuwa kwenye repertuare kabla hajakupigia, kwa hiyo ukizifunga zote utakuwa umefunga butiki na wewe mwenyewe uko ndani. Ile namba ya ukutani iache ilie. Chenye unatakiwa kufanya ni kuitoa pesa humo.

Yaani hivi: telefone nyingi siku hizi ziko na nafasi ya SIM mbili. Ile ya ukutani ibaki ya watu wote, matapeli wapige mpaka wachoke, lakini M-Pesa yako ao Airtel Money ao Orange Money iwe kwenye SIM ya pili ambayo haujaiandika popote, na mteja unampa tu pale mmeshasikilizana keki na bei na anataka kutuma avansi. Faida utaiona haraka. Mtu akipiga kwenye namba ya ukutani akasema "mama, pesa yako kwenye simu itafungwa", unajua ni uongo kabla hajamaliza, juu huko hakuna pesa. Na hata kwenye ile ya pili, PIN na kode iliyoingia kwa sms hakuna wa mtandao anayekupigia kuziuliza. Mwenye kuuliza ni mwizi, hata kama anakuita kwa jina lako lote (jina lako liko kwenye karto ya keki, si ndiyo?).

Dola 40 sasa. Usibishane naye, usimhurumie, usisome tena ile sms yake, ingia wewe mwenyewe kwenye menyu ya pesa uangalie solde. Kama solde haikuongezeka, hakuna kilichoingia, kwisha. Angalia pia sms imetoka wapi: sms ya mtandao inakuja na jina la huduma, ya tapeli mara nyingi inatoka kwenye namba ya mtu, 081 ao 099 fulani, na imeandikwa vizuri kabisa kwa kukopi ile ya kweli. Na kama kweli pesa imeingia kwa kukosea, mwambie aende kwenye mtandao wake, wao ndio wanajua kurudisha, wewe usitume kitu kwa mkono wako. Analia? Alie. Watu hawa kilio ndiyo kazi yao, na haraka, kila mara haraka, leo leo, sasa hivi, kabla haujapata muda wa kumuuliza mtu.

Simu inayolia mara moja na kukata, hiyo inataka wewe umpigie. Namba kama hizo zimepangwa ili bei ya simu iwe kubwa na sehemu ya inite zako (pesa ya kupigia simu) ziende kwa mwenye namba, ndiyo maana wanakata mbio, kupokea hawataki. Lakini usiogope kila namba ya nje, hapa kwetu Lubumbashi +260 inaweza kuwa mtu wa Zambia aliyevuka Kasumbalesa na +255 ni dereva wa Dar es Salaam anayetaka keki ya mtoto wake. Nchi usiyo na mtu wala biashara huko, iache. Mwenye shida atapiga tena ao ataandika.

Kwa mikono ya farini: weka WhatsApp Business kwenye namba ya ukutani, ni bure, halafu weka ujumbe unaojituma wenyewe, "Niko kazini, andika jina, tarehe ya sherehe na keki ya watu wangapi, nitakupigia saa kumi." Mteja anajibu. Tapeli hana tarehe ya sherehe. Tena tangu 2023 WhatsApp iko na kifungo cha kunyamazisha wapigaji usiowajua, kiko kwenye mipangilio, upande wa faragha, simu hazilii ila unaziona kwenye orodha na unachagua nani umrudilie. Ni za WhatsApp tu lakini, za kawaida zitaendelea kulia.

Ile sauti ya mashini, usibonyeze kitu, wengine wanakuandikisha huduma inayokula inite kila siku, muziki sijui horoskopu. Kama zinapungua bila sababu nenda kwenye ajansi ya mtandao wako, uombe waangalie huduma zote ulizoandikishwa na wazifute mbele yako. Usitoke kabla haujaona sms ya kufuta.

Anayerudi-rudi, mfunge peke yake. Na aliyekuibia kweli, usifute sms, andika namba, siku na saa, peleka kwenye mtandao na polisi, tuko na sheria ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 na makosa ya namna hiyo yamo. Mtandao ukikuzungusha, mwenye kuusimamia ni ARPTC, ofisi ya serikali ya mambo ya telefone.

*Yaya, ni kweli nikipiga \*#21# nitaona kama kuna mutu anasikiliza telefone yangu?*
*Mekanisien, Katuba*

Hapana, hiyo ni stori ya mtaani. Inakuonyesha tu kama simu zako zinahamishwa kwenda namba nyingine. Lakini iangalie, juu kuna matapeli wanakuambia "piga \*21\*, namba hii, #, upate inite za bure", na ukipiga umewapa simu zako zote, pamoja na ile ya WhatsApp inayosoma kwa sauti kode ya kuingia kwenye akaunti yako. Ukikuta namba usiyoijua, piga ##002#, inafuta uhamishaji wote. Ukikuta namba kwenye *#62# (inaonyesha simu zinakoenda telefone yako ikiwa imezimwa) usishtuke, mara nyingi ni mesajeri ya mtandao wako, ile ya kuacha ujumbe wa sauti.