Muulize Shangazi: "Mama mkwe kaniletea dawa ya tumbo, mume wangu kanyamaza"

Mwezi huu barua nyingi zilizonifikia hapa Rau, Moshi, ni za watoto: tuzae lini, tuzae wangapi, tuzae au tuache. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imeninyima usingizi.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, naishi Sakina, Arusha, na nimeolewa miaka mitatu sasa. Mume wangu ni mwongoza watalii, mimi ni mhasibu msaidizi kwenye duka la vipuri vya magari. Tulipooana tulikubaliana tusubiri kidogo, nikaanza sindano ya uzazi wa mpango. Tangu hapo, kila tukisema sasa tuanze, hesabu inakataa. Kodi ya vyumba viwili ni 250,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Masika yakiingia magari ya watalii yanalala, tunaishi kwa mshahara wangu. Nikiongeza dada wa kazi, pampasi na ada ya ingilishi midiamu, naifunga daftari. Juzi mwenzangu kazini karudi kutoka likizo ya uzazi, kakuta meza yake ina mtu mwingine.

Desemba tulipanda Rombo. Mama mkwe aliniita jikoni akanipa chupa ya dawa ya mizizi, ninywe asubuhi na jioni nisafishe tumbo. Alisema ndugu wanamcheka kwamba mwanawe kaoa mti usiozaa, na marehemu baba mkwe hana wa kubeba jina lake. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote, akanyamaza. Njiani kurudi akaniambia, "Mzoee tu, ni mzee." Siku hizi ananionyesha kwenye simu habari za Wakorea kwamba wanaisha kwa kutozaa, ananiuliza kama nataka na sisi tuishe.

Shangazi, mtoto nampenda hata kabla hajaja, lakini naogopa. Je, mimi ni mbinafsi?
*Mwenye Chupa, Sakina*

Marahaba mwanangu. Hiyo chupa usiinywe. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka 29. Mizizi ambayo kipimo chake hakijulikani huweza kuharibu ini na figo, na wewe hapo ulipo huna ugonjwa wa kutibiwa. Uko kwenye sindano.

Kuhusu ubinafsi: mbinafsi hapigi hesabu ya pampasi za mtoto ambaye bado hajatungwa.

Mama yangu alizaa tisa, kule Kibosho, akazika watatu. Wawili walichukuliwa na surua ndani ya wiki moja. Sikuwahi kumsikia akisema aliamua kuzaa tisa. Alizaa akijua kwamba si wote watabaki, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1999 utafiti wa taifa ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 hawakufikisha miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Bado ni wengi mno, lakini mama mwenye imani kwamba mtoto wake ataishi haoni haja ya kuzaa wa akiba. Hapo ndipo uzazi ulipoanza kushuka, pamoja na wasichana kukaa darasani muda mrefu zaidi. Mwaka huo wa 2022 wastani wa Tanzania ulikuwa watoto 4.8 kwa kila mwanamke, na mijini 3.6. Kwa hiyo mwambie mume wako asiwe na hofu, hatutaisha kesho.

Hiyo habari ya Korea Kusini aisome mpaka mwisho. Mwaka 1960 mwanamke wa kule alizaa kama sita. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72, hata mmoja haufiki. Nyumba za Seoul hazishikiki, kazini wanatoka usiku, masomo ya ziada ya watoto yanakausha mifuko ya wazazi, na mwanamke akitoka kazini anakuta jiko, nguo na mtoto vyote vinamsubiri yeye. Serikali yao imemwaga fedha miaka na miaka, na leba hazijajaa. Fedha ni lazima, sikatai. Lakini haiamki saa nane usiku kumbeba mtoto mwenye homa.

Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mwaka 1983. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya kubahatisha, nepi nilichana kanga kuukuu. Kwa daftari lako nisingezaa kabisa. Ila mama alishuka kutoka Kibosho na mikungu miwili ya ndizi akakaa kwangu miezi mitatu, kama desturi yetu ilivyotaka mzazi atunzwe. Asubuhi mtori, jioni mtori. Mtoto akilia ananyanyuka yeye, mimi nalala. Nilikuwa sina kitu, lakini nilikuwa na mtu.

Binti yangu alipojifungua Njiro miaka sita iliyopita, nilikaa naye siku 12 tu. Babu yao, mume wangu, amepooza upande mmoja, asingeweza kubaki peke yake. Nililia ndani ya koasta kutoka Usa River mpaka Boma Ng'ombe. Nilijua namwachia kazi ambayo mimi sikuwahi kuifanya peke yangu. Yeye ana mshahara na friji, lakini anabaki bila mama kando yake. Nyinyi vijana mkisita, wengi wetu wazee tunawaita waoga. Mimi siwezi tena kulitamka neno hilo.

Ndiyo maana katika barua yako kodi haijanitisha, wala ada haijanitisha. Kilichonitisha ni mume aliyesimama mlangoni. Mliamua wawili, aibu umebebeshwa mmoja. Yeye anajua wewe si tasa, anajua kuna sindano, na akaacha mama yake akupe chupa. Kama amenyamaza jikoni kwa mama yake, atanyamaza pia mtoto akiwa na miezi minne, wewe hujalala siku tatu, na wageni wa kwao wamejaa sebuleni.

Nataka afanye jambo moja kabla hamjafanya hesabu nyingine yoyote. Apande Rombo bila kusubiri Desemba, akae na mama yake, amwambie kwa mdomo wake: "Mama, mke wangu hana tatizo. Tulipanga wote wawili. Ukitaka kulaumu, nilaumu mimi." Wewe usiende. Mama mkwe wako naye nisingemwita mbaya. Ni mjane anayetaka kulisikia jina la mumewe likiitwa tena uani, na kwetu jina la babu kwa mjukuu ni jambo zito. Akiambiwa ukweli na mwanawe mwenyewe huenda akaelewa kuliko mnavyodhani. Mume akishindwa kuyasema hayo maneno, mimi ningeendelea kusubiri. Naandika hivi nikijua wapo watakaonikasirikia.

Akiweza, basi jipangeni, maana muda mnao lakini una mwisho. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha ujauzito hata baada ya kuiacha. Wengi huchukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho, wengine zaidi ya mwaka. Kijiti au kitanzi kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi mapema zaidi. Kwa hiyo ukitaka mtoto ukiwa na miaka 33, nenda kliniki sasa mzungumze habari ya kubadili njia. Baada ya 35 uwezo unashuka kwa kasi. Na mkijaribu mwaka mzima bila mafanikio mkapime wote wawili, mkiongozana.

Kazini: sheria ya ajira ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukizaa pacha. Ukirudi unaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mume wako akiwa na mwajiri ana siku tatu. Tatu! Hata kitovu hakijadondoka. Na huyo mwenzako, kama ameachishwa kazi, asikae kulia nyumbani. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, zikipita ataanza kwa kuomba radhi ya kuchelewa.

Ada ya ingilishi midiamu iondoe kwenye daftari kwa sasa. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita. Michango ipo, madarasa yamejaa, najua. Lakini usikubali mtoto azuiwe kuzaliwa na basi la njano la shule.

Niandikie akirudi Rombo.

Shangazi, mimi ni fundi seremala wa Pasua. Nina binti mmoja, miaka minne. Mke wangu hataki tena. Alipojifungua alitokwa na damu nyingi, aliita wahudumu na hakuna aliyekuja kwa muda mrefu. Kaka zangu wananicheka kwamba nina mtoto mmoja, tena wa kike. Nifanyeje?
*Baba Mmoja*

Mwanangu, kaka zako walikuwa wapi usiku ule? Mwombe mkeo akusimulie yote tangu mwanzo, nawe usimkate maneno wala usimwambie yamepita. Aliyewahi kutokwa na damu nyingi ana hatari kubwa zaidi ya kutokwa tena, kwa hiyo hofu yake ina msingi wa kitabibu. Mpeleke kwa daktari wa wanawake, na kadi yake ya zamani, aelezwe wazi: akipata mimba nyingine, ajifungulie hospitali kubwa yenye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji. Akisikia yote na bado akasema hapana, mwamini. Una mtoto. Na mama yake yuko hai.

Dada, mimi ni mjane wa Machame, miaka 74. Nilizaa sita. Wako Dar, Mwanza, mmoja Kanada. Wajukuu wote kwa pamoja ni watano. Kihamba, shamba letu la ukoo, kina migomba na kahawa, hakuna wa kukishika. Hawa vijana wamelaaniwa?
*Bibi wa Kihamba*

Shikamoo dada. Hawajalaaniwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.64 mkoani kwetu Kilimanjaro, ya 2022 ikahesabu milioni 1.86, huku nchi nzima ikitoka milioni 44.9 hadi milioni 61.7. Wanaoondoka ni wengi, na wanaozaliwa ni wachache kuliko zamani. Nasi tulichangia. Ardhi tuliigawa kwa wana mpaka kipande hakitoshi mmoja. Kahawa tuliiuza tukawapeleka shule, tukawaambia wasome wasije wakashika jembe kama sisi. Walitusikia.

Usiwahesabie wajukuu ambao hawajazaliwa. Hao watano, Desemba wakija, kabla mbuzi hajachinjwa, mpe kila mmoja mgomba wake. Mwonyeshe upi ni mshare na upi ni kisukari, amwagie maji mwenyewe. Wa Kanada mpigie picha wake umtumie. Mjukuu wangu wa Njiro ana mshare nyuma ya nyumba hapa Rau. Akipiga simu huuliza kwanza mkungu umefikia wapi, halafu ndiyo ananisalimia.