Vyombo vya zamani vinavyojipiga vyenyewe kwa hoteli ya Mji Mkongwe

Kaka, kwa hiyo hoteli ya zamani mnayoitafutia vyombo vya muziki vya kujipiga vyenyewe, mi ningeanza na sanduku la muziki la diski, yaani linalopiga nyimbo kwa bamba la chuma la duara, kama Polyphon ya Leipzig, Ujerumani au Regina ya Marekani, hasa yale marefu ya kusimama yaliyokuwa yanawekwa mabaa unatumbukiza sarafu linapiga, na diski za Regina za inchi 15 na nusu mpaka leo zinatengenezwa mpya kwa hiyo nyimbo hamkosi. Masanduku ya silinda kutoka Sainte-Croix kule Uswisi sauti yake tamu mno ila mengi nyimbo ni zilezile zilizopigiliwa kwenye silinda.

Jamani sanduku la silinda lisisafirishwe springi ikiwa imejazwa!! Kile kifeni kidogo kinachozuia mwendo kikichomoka njiani silinda inazunguka kwa kasi yote, vile vijipini vya kwenye silinda vinapinda na meno ya chuma yanayotoa sauti yanakatika, ndo basi tena. Liacheni lipige mpaka springi iishe ndo mlifunge.

Piano ya karatasi, ile inayojipiga kwa kufuata karatasi yenye matundu, kuagiza nje ni kazi, mivukuto yake ya kitambaa unyevu wa pwani unaimaliza na za zamani vibao vyake vya kubonyeza vingi vimefunikwa kwa pembe za ndovu, bila kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, inakamatwa. Lakini mkiikuta moja iko tayari hapo Unguja ichukueni hata kama haipigi, maana pembe nyingi za viwanda vya vibao vya piano vya Connecticut, Marekani zilipitia bandari yenu hiyohiyo.