Jibu: Taa ya injini inarudi kila ikifutwa

Mkuu, umesema taa ya injini inarudi kila fundi wako wa Nakuru akiifuta. Akifuta P0171, namba ya hitilafu iliyo kwenye kompyuta ya gari, bila kutafuta chanzo, taa itarudi tu. Namba hiyo inasema hewa imezidi petroli; haisemi sensa ya oksijeni imekufa, kwa hivyo usikubali kuuziwa nyingine.

Asome kwenye mashine ya kupimia gari asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza. Ikifika 20 hivi gari limesimama injini ikiunguruma, kisha ishuke injini ikifika mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inavuja ndani: kunja paipu ya raba kati ya boksi la filta ya hewa na throto (mlango wa hewa ya injini), nyufa hujificha kwenye mikunjo. Ikipanda ukikanyaga mafuta, safisha sensa inayopima hewa inayoingia kwa spreyi yake (ya kabureta huiharibu), halafu pima presha ya petroli.