Kabla Hujang'oa Boksi la Filta: Kwa Vijana Wanaotengeneza Mabomba ya Hewa

Juzi asubuhi kijana mmoja wa gereji ya jirani aliingia kwetu Mwananyamala na gari lake, akafungua boneti kabla hata hajazima injini, nami nikaona bomba la kijivu la PVC, lilelile tunalopitishia maji ya bafuni, limetoka kwenye throto, mlango wa kuingizia hewa ya injini, limekata kona mbili kwa viungio vya fundi bomba na kutokomea nyuma ya bampa, ambako filta nyekundu ya koni ilikuwa imening'inia kama embe karibu na lami. Sensa ya hewa alikuwa ameichomeka kwenye kona yenyewe, na mpira wa kupumulia wa injini, ule unaotoa mvuke wa ndani ya injini, ameuziba kwa kitambaa na waya. Nilimwuliza alipima nini kabla ya kung'oa boksi la asili la filta ya hewa, naye akanijibu kwa furaha tupu, "Shikamoo fundi, sikiliza kwanza mlio wake!"

Nilisikiliza, na mlio ulikuwa mzuri kweli. Kijana huyu ana mikono mizuri kuliko niliyokuwa nayo mimi katika umri wake, na ndiyo sababu nimeamua kuandika, maana ni wa tatu tangu mwezi uliopita kuniletea kosa lilelile, kosa ambalo gharama yake naijua vizuri. Picha za magari ya Japani mnazotumiana kwenye simu zilipigwa kwenye lami kavu, ilhali nyinyi mnajenga bomba litakalopita Jangwani, lile bonde la Dar es Salaam linalojaa maji, mwezi wa Aprili.

1. Pima boksi la asili kabla hujakata chuma chochote.

Chukua mpira wa plastiki wa wazi, ule ambao mafundi ujenzi huutumia kupimia levo, uukunje mfano wa herufi U juu ya ubao wenye rula, utie maji hadi nusu, kisha ncha moja uiingize kwenye bomba baina ya filta na throto, na nyingine uiache wazi ndani ya gari. Mwenzako aendeshe gia ya 2 kwa mafuta yote, mahali pasipo na watu, nawe usome tofauti ya maji kati ya pande mbili injini inapofika juu kabisa. Nguzo ya maji ya mita 10 hivi ni sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kila sentimita 10 unazoziona ni kama asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa. Boksi likisoma sentimita 15, zawadi yote unayoigombania, hata ukitengeneza bomba la ajabu kiasi gani, ni asilimia moja na nusu. Unapokwenda mwendo wa kawaida huna hata hiyo, kwa sababu throto yenyewe imeziba njia kwa makusudi.

Nimewahi kupima boksi lililosoma sentimita 30, na mwenye gari ameshatoa pesa ya bomba la aluminiamu. Tukabadilisha filta iliyokuwa imejaa vumbi la barabara za ndani za Goba, likasoma 14, nikamrudishia pesa yake. Alinitazama kwa mashaka kama mtu aliyenyimwa kitu, lakini mpaka leo gari lake haliendi kwa fundi mwingine.

2. Joto litakula kuliko filta itakavyotoa.

Hewa ikipanda nyuzi 10, hupoteza karibu asilimia 3 ya uzito wake. Kaa kwenye foleni ya Tazara saa nane mchana, halafu usome joto la hewa inayoingia kwa mashine ya kupimia inayochomekwa kwenye kompyuta ya gari: filta ya koni iliyoachwa uchi nyuma ya rejeta itakuonyesha nyuzi 30 juu ya hewa ya nje bila shida, na hapo umepoteza karibu asilimia 9 ili upate moja na nusu. Ukiamua kuweka koni, ijengee ukuta wa bati wenye ukingo wa mpira unaogusa boneti, mdomo wake uelekee mbele nyuma ya taa kubwa, na usiridhike mpaka mashine isome nyuzi chache tu juu ya joto la nje gari likiwa linatembea.

3. Sensa ya hewa haipimi bomba, inapima upepo unaoigusa.

Hili linanichosha, na nitalisema polepole. Kompyuta ya gari imefundishwa kwamba waya wa moto ulio ndani ya sensa umekaa ndani ya kipenyo fulani, na hesabu zote za mafuta zimejengwa juu ya kipenyo hicho. Ukiihamisha sensa kutoka bomba la milimita 70 kwenda la milimita 76 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani, njia imepanuka kwa asilimia 18, upepo umepungua kasi, na kompyuta itaamini kwamba hewa imepungua kwa asilimia 15 ilhali ni ileile. Gari litapelekewa mafuta pungufu. Ukiwa unatembea taratibu sensa ya ekzosi itaona na kuongeza mafuta, lakini ukikanyaga mpaka chini hakuna wa kusahihisha vya kutosha, plagi zinatoka nyeupe kama chaki na injini inaanza kugonga. Ndipo mnapokuja mnasema taa ya cheki injini imewaka namba P0171, yaani mafuta ni pungufu kuliko hewa, "lakini gari lina nguvu, fundi." Mdogo wangu, nunua ile shingo ya sensa kutoka kwenye boksi bovu, uichomelee katika bomba lako, uache sehemu iliyonyooka kabla ya sensa ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu, na mshale ulioandikwa ubavuni uelekee kwenye injini. Kisha uangalie kwenye mashine marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza mafuta, kabla na baada ya kazi: yakihama kwa zaidi ya asilimia 5 au 6, bomba lako linadanganya.

4. Haya ni ya sentensi moja moja, lakini msiyaruke.

PVC hulainika ikifika nyuzi 80, na chini ya boneti joto hilo halipo mbali. Bomba la chuma cha kawaida hushika kutu kwa ndani, hasa kwa wakazi wa Kigamboni kwenye upepo wa bahari, na magamba ya kutu yana njia moja tu ya kwenda. Ukimaliza kukata na kuchomelea, lioshe bomba kwa ndani na ulipitishie kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Zungushia bomba mkunjo mdogo wa kuinuka mwishoni ili hozi ya silikoni isichomoke. Acha kiungo cha mpira upande wa injini, kwa kuwa injini hutikisika na bodi haitikisiki. Mpira wa kupumulia uunganishwe kwenye bomba baada ya sensa, usizibwe na usiachwe wazi. Filta ya kupaka mafuta ikipakwa kupita kiasi, mafuta yataishia kwenye waya wa sensa.

5. Urefu kutoka lami.

Hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Ulikuwa mwaka wangu wa nne wa kufanya kazi kwa jina langu mwenyewe. Mteja alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu mpole, aliyenunua Toyota Altezza yenye injini ya 3S baada ya kujinyima kwa muda mrefu, na kila Jumamosi alikuja kuliosha gari lake kwetu kwa mkono wake kwa sababu kwake maji hayakuwa ya uhakika. Aliniomba bomba. Nilimtengenezea la aluminiamu, likachomelewa kwa gesi ya agoni mtaa wa Gerezani, nikalisugua mpaka likang'aa, na filta nikaishusha nyuma ya bampa ambako hewa ni baridi. Kwa upande wa joto nilikuwa sahihi, maana mashine ilisoma nyuzi 3 tu juu ya hewa ya nje. Kutoka lami hadi chini ya filta zilikuwa sentimita 24, lakini hizo nilizipima baadaye.

Mzee aliyenifundisha kazi alipita siku ile, akachuchumaa, akachungulia chini ya bampa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, masika yakija gari hili litapumulia wapi?" Nilimjibu kwamba Mwalimu ni mtu mwangalifu.

Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha tangu alasiri. Mwalimu alikuwa akitoka mjini kurudi Magomeni, akafika Jangwani maji yakiwa hayajafika nusu ya tairi na magari mengine yakipita, naye akapita taratibu kama apitavyo mtu mwangalifu. Fuso lililotoka upande wa pili likasukuma wimbi, wimbi likapanda kwenye bampa, na injini ikazima palepale. Saa mbili na nusu usiku simu yangu ikaita.

"Fundi, gari limezima majini. Nifanyeje?"

"Piga stata tena, Mwalimu."

"Inagonga tu, tak, halafu inakwama."

"Hiyo ni betri. Subiri dakika mbili, upige tena."

Niliyasema hayo nikiwa nimekaa mkekani na sahani ya wali mbele yangu, wala sikusimama. Alitii kwa sababu mimi ndiye fundi. Mara ya tatu injini ilishika, ikazunguka kwa nguvu kitambo kidogo, ikatoa mlio mmoja wa chuma, ikanyamaza. Aliisogeza simu kwenye boneti ili nisikie, na nikasikia.

Maji hayagandamiziki. Injini ya 3S ina sentimita za ujazo 1,998, yaani kama 500 kwa kila silinda, na kwa mgandamizo wa karibu 11 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika mwisho ni kama sentimita za ujazo 50. Hicho ni kikombe kimoja cha kahawa chungu, kile anachokumiminia muuza kahawa wa Kariakoo kutoka kwenye birika lake. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda, na anayelipa ni konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti. Nilichopaswa kumwambia kilikuwa kifupi: usiguse stata, toa ufunguo, lisukumwe mpaka pakavu. Kisha ningekwenda usiku uleule, nikang'oa plagi zote nne, nikachomoa fyuzi ya mafuta na kukata umeme wa koili, nikalizungusha plagi zikiwa nje ili maji yaruke kupitia matundu yake, na nikakagua kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa kabla ya kufikiria kuliwasha.

Tulifungua silinda hedi siku ya tatu. Katika injini ya silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja, pistoni ya 2 na ya 3 hupanda pamoja na kufika juu pamoja, na mimi nilizungusha krankshafti kwa spana polepole nikiwa nimeinama, tochi mdomoni. Ya 2 ilifika ukingoni. Ya 3 ilisimama chini yake kwa milimita 2 hivi, ikiwa na pete ya maji machafu kuizunguka. Tulipoitoa konrodi yake na kuilaza juu ya kioo, ilicheza kama kiti chenye mguu mfupi, na bleti ya msumeno ikapita chini yake bila kusukumwa. Wapo mafundi walionifariji kwamba ilipinda palepale kwenye wimbi, kabla ya ile simu. Faraja hiyo sikuipokea, kwa sababu mlio niliousikia ulikuja baada ya mimi kusema "piga tena".

Mwalimu alikuja, akakaa juu ya tairi, akaishika ile konrodi kwa muda mrefu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Fundi, mimi nilifanya kila ulichoniambia." Nilinunua nusu injini ya mtumba kwa pesa yangu, nikailipa kidogo kidogo kwa miezi 8, na kwa miezi 2 ya kwanza, nikipita Magomeni Mapipa alfajiri, nilikuwa nikimwona amesimama kituoni na mkoba wa madaftari akigombania daladala.

Gari lilipopona nilimrudishia boksi la asili na filta mpya, na ndipo kwa mara ya kwanza nikalipima kwa mpira wa maji. Lilisoma sentimita 12.

6. Kwa hiyo mdomo wa kuvutia hewa usishuke chini ya taa kubwa.

Mteja akikuambia hapiti Jangwani, muulize Aprili anapita wapi. Akisisitiza kushusha, mrudishie pesa yake na funguo zake. Na ukipigiwa simu na mtu aliye majini, simama kwanza, acha chakula, umwambie asiguse stata, kisha uchukue kamba na spana ya plagi uende.

Kijana wa bomba la PVC atalirudisha gari lake Jumamosi saa mbili asubuhi. Nimemwambia aje na boksi la asili, ambalo namshukuru Mungu hajaliuza, pamoja na mita 3 za mpira wa levo, na tutaanza kwa kupima hilo boksi. Aluminiamu ninayo, na kama maji yatasema ipo faida, tutalijenga bomba pamoja, mdomo wake ukiwa nyuma ya taa.